Hemofilia: damu haitoki kwa kasi, huchelewa kuganda
Imani ya siku nyingi husema kwamba mwenye hemofilia akikwaruzwa kidogo tu atavuja damu hadi kufa. Sivyo. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko ya wengine, bali huchelewa kuganda. Mkwaruzo mdogo kwa kawaida hukoma ukibanwa, ilhali hatari kubwa ni damu inayovujia ndani ya magoti, viwiko au ubongo. Anachokosa ni mojawapo ya protini za kugandisha damu, ambazo hutajwa kwa namba: ya nane au ya tisa. Plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, ya mtu asiye na ugonjwa huu inazo, lakini kidogo mno, na kutiwa plazima nyingi huweza kuulemea moyo. Ndiyo maana nauthamini sana ugunduzi wa Judith Pool wa Marekani, aliyeonyesha mwaka 1964 kwamba plazima iliyogandishwa kwa baridi, ikiyeyushwa polepole, huacha mashapo yenye protini ya nane kwa wingi.