Manyoya ya paka hayaharibu mimba

Shangazi akija kutembea akakuta paka amejilaza kwenye kochi, na mwenye nyumba ni mjamzito, neno la kwanza huwa: "Mtoeni huyo, manyoya yake yataharibu mimba." Hofu yake ina chanzo cha kweli, ila imeelekezwa pasipo.

Kimelea kinachohofiwa kinaitwa toksoplasma, na hakikai kwenye manyoya. Hutoka na kinyesi cha paka aliyeambukizwa, kwa kawaida baada ya kula panya, ndege au nyama mbichi. Paka huyo hukitoa kwa wiki 1 hadi 3 hivi, mara nyingi mara moja tu maishani. Tena kinyesi kipya hakiambukizi papo hapo: mayai ya kimelea huhitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Ndiyo maana sanduku la mchanga anamojisaidia paka likisafishwa kila siku, hatari hupungua sana. Kazi hiyo aifanye mtu mwingine. Mjamzito akikosa msaidizi, avae glavu na anawe mikono kwa sabuni.

Kinachonisikitisha ni kwamba paka hufukuzwa, kisha mjamzito yuleyule hukaribishwa mishikaki isiyoiva ndani na kachumbari ya mboga zisizooshwa vizuri. Kimelea hupita huko pia, hata kwenye udongo wa bustani.

Shangazi akiwa na pumu, hapo msikilizeni. Protini ya mate na ngozi ya paka, inayonata kwenye manyoya, inaweza kumwamshia shambulio. Mwandalieni chumba ambacho paka haingii, na shuka zilizofuliwa.