Chakula cha jirani si lazima kiwe nafuu kwa mazingira

Wengi huamini kwamba ukila kilicholimwa jirani, tayari umeyatendea mema mazingira. Si hivyo. Kwa vyakula vingi, usafirishaji huchangia chini ya asilimia 10 ya gesi zinazoongeza joto duniani ambazo chakula hicho husababisha. Sehemu kubwa hutoka shambani na kwenye misitu inayofyekwa. Ng'ombe anayecheua hutoa methani, mojawapo ya gesi hizo, awe wa jirani au wa ng'ambo. Meli, kwa wingi wa shehena yake, huchafua kidogo kwa kila kilo; ndege ndiyo balaa. Basi tazama kwanza kilicho sahanini: jamii ya kunde mara nyingi, nyama ya ng'ombe mara chache. Na kiporo je? Mwaka 2022 dunia ilitupa takriban tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 60 kutoka majumbani.