Safu ya tano: ondoeni alama za kunukuu

Kila mwanasiasa anapowaita wapinzani wake "safu ya tano", yaani wasaliti waliojificha ndani, hujitokeza mchambuzi wa kutufahamisha kwamba msemo huo ulitamkwa redioni na Jenerali Emilio Mola, mmoja wa viongozi wa waasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, mwaka 1936, waasi hao walipokuwa wakiikaribia Madrid: safu nne zinakuja kutoka nje, na ya tano imo mjini tayari. Nimeisoma habari hiyo tena juzi, maneno ya Mola yakiwa ndani ya alama za kunukuu, na safari hii sitanyamaza.

Vita vyenyewe vinajulikana. Linalonikera ni hizo alama. Anayenukuu sharti aonyeshe kanda, hati au shahidi aliyesikia, ilhali chanzo cha mapema kinachotajwa sana ni makala ya Dolores Ibárruri, kiongozi wa Wakomunisti, katika gazeti la Mundo Obrero la tarehe 3 Oktoba 1936. Tazameni ni nani anayesema: ni adui wa Mola, katika gazeti la chama, akiwahimiza wenzake wawe macho. Hilo halimfanyi kuwa mwongo, lakini ushahidi wa adui wakati wa vita haupokelewi bila kupimwa. Isitoshe, telegramu ya siri ya mwanadiplomasia wa Ujerumani aliyekuwa Alicante, Hispania, wakati huohuo inamtaja Franco, kiongozi wa waasi, kuwa ndiye anayedaiwa kuitoa kauli hiyo, na wapo wanaomtaja Varela, jenerali mwingine wa waasi.

Mimi naelekea kuamini kwamba Mola alisema neno la namna hiyo, kwa kuwa jina lake lilihusishwa nalo mapema mno. Lakini hiyo ni dhana, si uthibitisho, na vitabu vinavyolimaliza suala hili kwa mstari mmoja huificha tofauti hiyo. Yawezekana kabisa kwamba walioupa msemo nguvu, pengine hata kuuunda, ni watetezi wa Madrid wenyewe.

Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu hofu ya safu ya tano iliua. Mnamo Novemba na Desemba 1936, wafungwa zaidi ya 2,000 walitolewa katika magereza ya Madrid na kupigwa risasi, wengi wao huko Paracuellos de Jarama, karibu na Madrid. Mwaka 1940, Uingereza iliwatia kizuizini maelfu ya Wajerumani na Waaustria, wakiwemo Wayahudi wengi waliokuwa wamemkimbia Hitler. Anayesimulia kwamba jenerali alikiri mwenyewe kuwa na safu ya siri huwapa wanasiasa wa leo hoja ambayo hati hazijawapa.

Wahariri, andikeni "inadaiwa kwamba Mola alisema", kisha mtaje gazeti lililodai hivyo na tarehe yake.