Jaji Kenesaw Mountain Landis: yanayosemwa na yaliyotokea

"Aliikamua kampuni ya mafuta ya Standard Oil dola milioni 29."

Hukumu aliitoa kweli, tarehe 3 Agosti 1907, akiwa jaji wa shirikisho jijini Chicago. Lakini hiyo faini haikulipwa hata senti. Mshtakiwa alikuwa Standard Oil ya Indiana, iliyosafirisha mafuta kutoka Whiting hadi East St. Louis kwa reli ya Chicago & Alton kwa senti 6 kila ratili 100, ilhali nauli iliyotangazwa ilikuwa senti 18. Kulipa chini ya nauli iliyotangazwa kulikuwa kosa la jinai. Landis alihesabu kila behewa kuwa kosa linalojitegemea. Makosa 1,462, kila moja kwa adhabu ya juu kabisa, dola 20,000: jumla 29,240,000.

Hesabu hiyo ndiyo iliyomponza. Julai 1908 mahakama ya rufaa iliifuta hukumu. Behewa si kipimo cha kosa, ilisema. Tena mtaji wa kampuni ya Indiana ulikuwa dola milioni 1 tu. Landis alikuwa ameupigia hesabu mfuko wa kampuni mama ya New Jersey, ambayo haikuwa kizimbani. Kesi iliporudiwa mwaka 1909, jaji mwingine aliliagiza jopo la raia wanaoamua kesi liiachie kampuni. Na wanaomsifu kwa kuivunja Standard Oil mwaka 1911 wanachanganya mambo: hiyo ilikuwa kesi nyingine kabisa, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani.

"Aliwahukumu wachezaji wa White Sox, timu ya besiboli ya Chicago, waliouza fainali za 1919 kwa hongo."

Kesi yao ilikuwa ya mahakama ya jimbo la Illinois, na wachezaji waliachiwa huru tarehe 2 Agosti 1921. Kesho yake Landis aliwafungia maisha wote wanane, ila kwa kofia ya kamishna, yaani msimamizi mkuu, wa besiboli. Adhabu ya kimichezo haihitaji hukumu ya mahakama.

"Aliacha ujaji akaenda kwenye besiboli."

Kwa zaidi ya mwaka mmoja alishika vyote viwili. Alipochaguliwa kamishna Novemba 1920, mshahara wa dola 50,000 ulipunguzwa hadi 42,500, kwa sababu 7,500 alikuwa akizipokea serikalini. Chama cha mawakili cha Marekani kilimlaani, na mbunge mmoja akataka ashtakiwe bungeni. Hakuvuliwa ujaji, alijiuzulu mwenyewe mapema 1922.

"Mahakama Kuu ilisema Victor Berger hana hatia."

Haikugusa hatia. Kabla ya kesi, Berger, msoshalisti wa Milwaukee aliyeshtakiwa kwa kupinga Vita Kuu ya Kwanza, aliapa kwa maandishi kwamba Landis ana chuki na Wamarekani wenye asili ya Kijerumani. Landis alikataa kujitoa, akamhukumu kifungo cha miaka 20. Januari 1921 Mahakama Kuu ilitengua hukumu kwa hoja moja: kiapo cha namna hiyo kikitimiza masharti ya sheria, jaji anayetuhumiwa hana nafasi ya kupima ukweli wake. Anampisha mwenzake.