Swichi iko Arua, mimi niko Kampala: namna ninavyoiandaa isimamiwe kutoka mbali

Swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na printa za ofisi kwa kebo, haihitaji anwani ya IP ili ifanye kazi yake. Itoe kwenye boksi, ipe umeme, chomeka kompyuta na printa, nayo itaanza kujifunza anwani za MAC za vifaa hivyo (namba ya utambulisho ya kila kifaa) na kupeleka kila fremu, yaani kila kifurushi cha data, kwenye poti inayostahili. Anwani ya IP tunayoipa ni kwa ajili yetu sisi mafundi, ili tupate mlango wa kuingilia. Ndiyo maana ukikosea upande huo hakuna mtumiaji atakayelalamika. Barua pepe zinakwenda, printa inachapa, taa zinameta, na wewe uliye mbali huna pa kuingilia.

Hilo nimelilipia nauli. Nilikuwa nimefunga swichi ya Cisco katika tawi la mteja mjini Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, nikaipa anwani, nikaijaribu kwa laptopu yangu papo hapo, ikaitika. Nikapanda basi la usiku kurudi Kampala. Kesho yake nikijaribu kuingia kutoka ofisini, kimya. Nikampigia askari wa pale, mzee mwenye subira, nikamwomba anifungulie kabati aniangalizie taa.

"Zote zinawaka kijani, mwanangu," akasema. "Na watu wanafanya kazi yao vizuri."

Alisema kweli, na ndicho kilichoniumiza kichwa. Siku mbili baadaye nikarudi njia ile ile, Luweero, Kafu, Karuma, Pakwach, Nebbi, karibu kilomita 500, kwenda kuandika mstari mmoja:

ip default-gateway 10.20.99.1

Tazama kilichotokea. Laptopu yangu ilipokuwa pale pale ndani ya mtandao wa 10.20.99.0, swichi iliijibu moja kwa moja kama jirani anavyomwitikia jirani. Nilipokuwa Kampala, pakiti zangu, yaani vifurushi vya data, zilifika hadi kwenye swichi bila shida. Jibu ndilo lililokwama, kwa sababu swichi haikujua mtu wa mtandao mwingine anafikiwa kupitia lango lipi. Kuna ruta (vifaa vinavyounganisha mtandao mmoja na mwingine) zinazojitolea kujibu kwa niaba ya mitandao ya mbali, na kwa ruta za namna hiyo kosa hili hujificha hata miaka, mpaka siku ruta inapobadilishwa na ya aina nyingine. Na kama swichi yako ni ile inayofanya kazi ya ruta pia, yaani umewasha ip routing, basi mstari ule hausomwi kabisa. Hapo unatakiwa kuandika njia ya jumla:

ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 10.20.99.1

Tangu safari ile sitoki kwenye tawi kabla sijaingia kwenye swichi nikitokea nje yake. Nazima Wi-Fi ya ofisi, nawasha data ya simu, laptopu inapata intaneti kupitia simu, naingia VPN ya Kampala (njia iliyosimbwa inayopita juu ya intaneti), na kutoka Kampala naifuata swichi iliyo hatua tatu kutoka nilipokaa. Jaribio hilo moja linapita kwenye kila kiungo nitakachokitegemea nikishaondoka. Jaribio la kutoka poti ya jirani linathibitisha tu kwamba kebo ni nzima.

Sasa tuanze mwanzo. Mara ya kwanza unaingia kwa kebo ya konsoli, ile bapa ya bluu, na kidude cha USB kwa kuwa laptopu za siku hizi hazina tena poti ya zamani ya kebo hiyo. Kasi ni 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Ukiona herufi zisizosomeka, mtu aliibadilisha kasi kabla yako. Nyingi ya swichi tunazopata hapa Kampala zimeshatumika kwingine, kwa hiyo nafuta kwanza usanidi wa zamani na faili la vlan.dat, linalotunza orodha ya VLAN (mitandao midogo iliyotengwa ndani ya swichi moja), kisha naangalia show version. Kwa swichi za zamani, jina la programu likikosa herufi k9, swichi hiyo haina usimbaji, na SSH (njia salama ya kuingia kutoka mbali) haitawezekana mpaka ubadilishe programu. Ni heri kulijua hilo dukani kuliko Arua.

Huu ndio usanidi ninaouanzia:

hostname ARU-SW1
ip domain-name ofisi.internal
crypto key generate rsa modulus 2048
ip ssh version 2

vlan 99
 name USIMAMIZI

interface vlan 99
 ip address 10.20.99.2 255.255.255.0
 no shutdown

ip default-gateway 10.20.99.1

Jina la swichi na jina la domeni hutangulia kwa sababu ufunguo wa RSA, ule SSH inaoutumia kusimba, hupewa jina kutokana na hayo mawili. Ukiziruka, amri ya tatu itakataa. Usiache SSH bila kutaja toleo. Ukiona show ip ssh inaandika 1.99, maana yake swichi bado inakubali toleo la kwanza, lenye udhaifu uliojulikana siku nyingi.

Kuhusu Telnet, njia ya zamani ya kuingia kutoka mbali, wapo wenzangu wanaoniambia kwamba ndani ya mtandao wa ofisi haina ubaya. Sikubaliani nao hata kidogo. Telnet inatuma nywila kama ilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na yeyote anayenasa pakiti njiani anaisoma. SSH yenyewe ilizaliwa kwa sababu hiyo: mwaka 1995 Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, aliiandika baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Miaka zaidi ya 30 baadaye hatuna kisingizio.

VLAN 99 ni chaguo langu tu, karibu namba yoyote hadi 4094 inafaa, isipokuwa 1 na zile za 1002 hadi 1005 zilizohifadhiwa. Kila poti ya swichi mpya imo kwenye VLAN 1, kwa hiyo ukiweka anwani ya usimamizi humo, mgeni yeyote anayechomeka laptopu kwenye ukuta wa chumba cha mikutano yuko mlangoni pako. Lakini kuna jambo linalowachanganya vijana wengi ninaowafundisha: unaipa VLAN 99 anwani, unaandika no shutdown, na bado show ip interface brief inaandika down. Swichi haiiwashi VLAN hiyo mpaka iwe imeundwa kweli na pawepo angalau poti moja iliyo hai inayoibeba. Mara nyingi poti hiyo ni tranki, yaani poti inayobeba VLAN kadhaa kwa pamoja, inayokwenda kwenye ruta, na ruta nayo lazima iwe na VLAN 99 upande wake. Ukikuta imelala, usihangaike na anwani. Angalia tranki.

Kisha mlango wenyewe:

username fundi1 privilege 15 secret (nywila ndefu)

ip access-list standard WASIMAMIZI
 permit 10.20.99.0 0.0.0.255
 permit 10.1.50.0 0.0.0.255

line vty 0 15
 login local
 transport input ssh
 access-class WASIMAMIZI in
 exec-timeout 10 0

Kila fundi na jina lake. Nimekuta ofisi ambamo watu saba wanatumia nywila moja, wawili kati yao walishaacha kazi, na hakuna anayeweza kusema nani alizima poti ya seva. Tumia neno secret, si password, kwa kuwa nywila iliyofichwa kwa service password-encryption hufunguliwa na programu ndogo tu kwa sekunde moja. Na andika line vty 0 15, yaani laini zote 16 za kuingilia kutoka mbali, usiishie 0 4 kama mifano mingi inavyoonyesha. Laini zile kumi na moja zinazobaki zitakaa na masharti ya zamani, na anayetaka kuingia kwa njia mbaya atazikuta.

Mstari wa access-class, unaosema mitandao ipi inaruhusiwa kuingia, ndio unaofungia watu nje kuliko yote. Ukikosea namba ya mtandao wa Kampala, hutaingia tena. Bahati njema, kikao kilichokwisha kufunguka hakikatwi. Kwa hiyo baada ya kuuweka, usifunge dirisha ulilonalo. Fungua la pili, jaribu kuingia upya. Likikataa, unarekebisha kupitia la kwanza.

Hapo swichi iko tayari, lakini kutoka Kampala bado kuna njia ndefu. Matawi mengi ya mikoani yanapata intaneti kwa redio au kwa mtandao wa simu, na mtoa huduma anawagawia wateja wengi anwani moja ya nje. Ukiona ruta yako imepewa anwani inayoanzia 100.64 hadi 100.127, uko kwenye kundi hilo, na hakuna namna ya kupiga hodi kutoka nje. Nimeona watu wakilipia anwani maalumu na kisha kuifungulia swichi poti ya 22 iwe wazi kwa dunia nzima. Tafadhali usifanye hivyo. Ndani ya saa chache utaona kwenye kumbukumbu majaribio ya nywila kutoka nchi ambazo hujawahi kuzifikiria.

Suluhisho ni kuigeuza safari: tawi ndilo linaloipigia Kampala. Ruta ya tawi, kwangu kwa kawaida MikroTik yenye RouterOS 7, inafungua WireGuard, aina ya VPN, kuelekea ruta ya makao makuu yenye anwani ya kudumu. Weka keepalive (ishara ndogo ya kuiweka njia hai) ya sekunde 25, maana bila hiyo vifaa vya mtoa huduma huisahau njia kukiwa kimya, na wewe hutaweza kuiamsha kutoka upande wako. Kisha kila upande ujue mitandao ya mwenzake. Kampala ijue 10.20.99.0, Arua ijue 10.1.50.0. Na ukiona SSH inakubali nywila yako lakini inaganda unapoandika show running-config, usiilaumu swichi. Pakiti kubwa hazipiti kwenye VPN, angalia MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Ya WireGuard kwa kawaida ni 1420, na kwenye viungo vingine inabidi kuishusha zaidi.

Sasa sehemu ninayoiogopa kwa dhati: kubadilisha kitu kwenye swichi huku umesimama juu ya tawi lile lile unalolikata. Mfano unaorudia kuleta simu za usiku ni huu. Tranki inabeba VLAN 10 na 99, mteja anaomba VLAN 20 iongezwe, fundi anaandika:

switchport trunk allowed vlan 20

Amri hiyo haiongezi. Inafuta orodha yote na kuacha 20 peke yake. VLAN 99 imekwenda, na kikao chako kimekwenda nayo, pamoja na ofisi nzima iliyokuwa kwenye VLAN 10. Neno lililokosekana ni add:

switchport trunk allowed vlan add 20

Kwa hiyo kabla ya kugusa tranki, lango au orodha ya ruhusa kutoka mbali, nahifadhi usanidi uliopo, kisha naandika reload in 10. Swichi inahesabu dakika 10. Nikijifungia nje, itajiwasha upya na kurudi kwenye usanidi uliohifadhiwa, nami nitaingia tena. Mabadiliko yakienda vizuri, naandika reload cancel, kisha nahifadhi. Mpangilio huo usiubadilishe. Ukihifadhi kosa kabla ya kulijaribu, swichi itawaka upya ikiwa na kosa lile lile. Na kwa sababu kuwaka upya kunawakata watu wote kwa dakika kadhaa, kazi hii naifanya baada ya saa za ofisi.

Kuhifadhi kwenyewe kwetu si jambo la kuahirisha. Umeme ukikatika, au Yaka (umeme wa kulipia kabla wa Uganda) ikiisha na anayenunua tokeni hayupo, kila ulichoandika bila copy running-config startup-config kimepotea. Nimewahi kuitwa na mteja aliyesema mtandao wake "umejirudisha nyuma wiki tatu". Ndivyo ulivyokuwa kweli: aliyetangulia alifanya kazi nzuri kwa wiki tatu bila kuhifadhi, na swichi haikuzimika hata mara moja mpaka siku hiyo.

Umeme unaharibu na saa. Swichi ndogo nyingi za Cisco hazina betri ya saa, zikiwaka zinaanza kuhesabu kutoka tarehe 1 Machi 1993. Mteja akikuuliza poti ilianguka lini, utampa jibu gani? Ielekeze kwenye ruta ya tawi iipe saa:

clock timezone EAT 3
ntp server 10.20.99.1
service timestamps log datetime localtime

Ruta nayo ichukue saa kutoka nje, la sivyo zitadanganyana.

Mwisho kabisa, ndani ya mlango wa kabati nabandika karatasi iliyopigwa plastiki. Nywila haiandikwi humo. Naandika jina la swichi, poti ipi inakwenda kwenye ruta, na kebo ya konsoli imewekwa wapi. Ile kebo naiacha pale pale kabatini, imefungwa kwa kamba. Mwaka jana tranki ya Arua ilikufa baada ya radi, poti ya 24 ikawa haiwaki tena. Poti ya 23 nilikuwa nimeshaiandaa iwe tranki kama mwenzake, nikaiandika kwenye karatasi. Nikampigia yule mzee. Akafungua mlango, akanisomea karatasi mstari kwa mstari, akahamisha kebo kutoka poti ya 24 kwenda ya 23. Kabla hajakata simu nilikuwa nimeshaingia.