Kwa nini afisa afya anauliza kichanga analala wapi

Tangu kampeni ya usafi ya Mtu ni Afya ifufuliwe mwaka 2024, ukaguzi wa nyumba kwa nyumba umeongezeka, na manung'uniko nayo yameongezeka. Linalosikika zaidi kwenye mikutano ya mtaa ni hili: bwana afya kaja kukagua choo, mbona anachungulia jikoni na kuuliza kichanga analala wapi? Wapo wanaouita umbea, na wapo wanaoamini ni mtego wa faini. Nitayajibu yote mawili.

Mwaka 1999, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 99 hawakufikisha mwaka mmoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta wamebaki 33. Ni hatua kubwa, iliyochangiwa na vyandarua, chanjo na dawa za malaria. Lakini angalia wanaofariki ndani ya siku 28 za mwanzo: 26 mwaka 2010, 25 mwaka 2015/16, 24 mwaka 2022. Hapo tumekwama. Chanjo inamfuata mtoto mpaka kijijini; chumba chenye joto, maji safi na mama aliyeshiba havisambazwi na gari la halmashauri.

Sehemu ya vifo hivyo inatuhusu sisi wa sekta ya afya, na haitakuwa haki kuitupia familia. Mtoto aliyezaliwa amechoka, yaani asiyepumua vizuri, anahitaji mhudumu mwenye ujuzi na vifaa ndani ya dakika chache. Hata hivyo mama akijifungua salama kwa kawaida anaruhusiwa baada ya saa 24, na kuanzia hapo kinachoamua mengi ni nyumba anayorudi. Mtoto wa chini ya kilo 2.5 hupoteza joto haraka. Chumba chenye bati lisilo na dari na dirisha lililozibwa kwa gunia, na mama anayetoka alfajiri kuchota maji, si mahali pa kumwacha peke yake kitandani. Ndiyo maana tunauliza analala wapi. Abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, na baba naye anaweza kumbeba.

Jikoni tunaangalia moshi. Mama anapika kwa kuni au mkaa, mtoto yuko mgongoni, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Mapafu ya mtoto wa miezi miwili hayahimili hali hiyo kila siku, na nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Tunajua bei ya kujaza mtungi wa gesi. Kwa sasa tunachoomba ni mtoto akae nje ya jiko na dirisha lifunguliwe, mambo yasiyohitaji hela. Mkaa wa kuotea moto usilale ndani ya chumba kabisa. Huo unaua hata watu wazima.

Wengi wanadhani haya ni ya vijijini. Utafiti wa 2015/16 ulionesha vifo vya watoto mijini vikizidi vya vijijini. Mama lishe aliyepanga chumba kimoja hana likizo ya uzazi ya siku 84; hiyo ni ya mwajiriwa. Yeye anarudi kwenye sufuria mapema, mtoto anabaki na dada wa miaka kumi na chupa ya uji mwepesi uliochanganywa na maji ya ndoo isiyo na mfuniko. Kuhara kunaanzia hapo. Si kwamba mama huyu hajui umuhimu wa maziwa yake.

Nisichoweza kukipokea kwa upole ni hiki cha "amebemendwa". Mtoto amekonda, ngozi imelegea, na badala ya kupelekwa kituoni anafichwa, kwa sababu jirani watasema wazazi walikutana kimwili kabla ya muda. Mtoto huyo ana utapiamlo au ana ugonjwa, na vyote vinatibika. Hivyo hivyo kwa "meno ya plastiki", yaani meno machanga yaliyo bado ndani ya fizi, yanayochokonolewa na kimeo kinachokatwa: mtoto anakuja kwetu akiwa na homa ileile aliyoanza nayo, na sasa amepungukiwa damu na kidonda kimeoza. Na kitovu hakipakwi kitu. Si majivu, si mafuta, si mate ya bibi. Kinaachwa kikavu.

Kuhusu usafiri, inashangaza ni wangapi bado hawaijui namba 115. Ni ya bure, ya mfumo wa m-mama, kwa dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua na kichanga. Msisubiri baba arudi na nauli ya bodaboda. Na Sera ya Afya ya 2007 inasamehe malipo kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Ukiambiwa ulipie, omba kuonana na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo.

Sasa faini. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa aliyeidhinishwa mamlaka ya kukagua makazi, kwa saa zinazofaa na akiwa na kitambulisho. Muombeni kitambulisho, hachukii, na akichukia mjulisheni mtendaji. Akikuta kero, kwa mfano choo kisicho na sakafu inayosafishika, kisicho na mfuniko au kisicho na kibuyu chirizi cha kunawia mikono, au choo kilichochimbwa karibu na kisima (tunashauri angalau mita 30), hatua ya kwanza ni maelekezo, kisha notisi ya maandishi. Notisi inataja kero, marekebisho yanayotakiwa na muda wa kuyafanya. Ukishindwa kwa sababu ya msingi, andika barua kuomba nyongeza kabla muda haujaisha, si baada. Usipotekeleza wala kujibu ndipo faini ya sheria ndogo inapokuja, na viwango vinatofautiana kati ya halmashauri na halmashauri. Faini inalipwa kwa namba ya malipo ya Serikali na unapewa risiti ya kielektroniki. Hela ya mkononi si faini. Hakuna faini kwa jibu lolote kuhusu mtoto analala wapi.

Kuna jambo jingine tunaloliuliza kwa sauti ya chini, nalo ndilo linalofichwa zaidi: kama nyumba imepoteza kichanga. Mahali pengi mtoto wa siku mbili huzikwa na kina mama jioni ileile, na mtendaji hajulishwi. Kichanga aliyepumua hata kwa saa moja amezaliwa na amefariki, na vyote viwili vinasajiliwa. Kifo kinatakiwa kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Taarifa inaanzia kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, au kituo cha tiba kama alifia huko. Anayeitoa aeleze tarehe, mahali na dalili alizoziona, kwa maneno yake mwenyewe. Tunahitaji dalili hizo ili tujue kama mtaa mzima una tatizo moja.