Bushi ni nini, na kwa nini gari inatetemeka ukiingia rafu rodi

Bushi ni raba inayokaa katikati ya vyuma viwili chini ya gari. Ndo hivyo tu. Kwa nje ina ganda la chuma, ndani ina kibomba cha chuma ambacho bolti inapita, na katikati raba nene imeshikana na vyuma vyote viwili. Ule mkono wa chuma unaoshikilia tairi la mbele, mafundi wengi wanauita wishboni wengine kontroli amu, ukipanda na kushuka kwenye mashimo chuma hakigusani na chuma, raba ndo inajinyonga kidogo halafu inarudi ilipokuwa. Watu wanadhani bolti inazunguka humo ndani, hapana, bolti imekazwa imetulia, kinachojinyonga ni raba, na hili lishike vizuri maana ndo linaua bushi mpya za watu wengi.

Naandika hii kwa sababu naumia nikiona mtu ananunua shokapu nne kwa hela ya kuungaunga halafu gari inabaki vilevile. Mimi yalinikuta kwenye Toyota IST yangu, nikabadilisha shokapu mbili za mbele na bado nikiingia barabara za ndani kule Goba, Dar es Salaam, nasikia gu gu gu chini ya miguu na usukani unacheza mkononi. Fundi mwingine ndo akaipandisha kwa jeki, akaweka stendi, akachomeka mtarimbo kati ya wishboni na fremu, akausukuma taratibu. Nikaona kwa macho yangu bushi kubwa ya nyuma ya wishboni inafunguka kama mdomo, raba imeachana na chuma karibu nusu ya mzunguko, ndani kuna vumbi, na sehemu chuma kilipokuwa kinapiga chuma imesuguliwa mpaka inang'aa. Shokapu za zamani hazikuwa na kosa lolote.

Shokapu kazi yake ni kuituliza springi. Ikifa, gari ikishuka tuta inaendelea kunesa mara mbili tatu badala ya kutulia, na mara nyingi utakuta oili imevuja kwenye mwili wake na vumbi limegandia hapo. Bushi ikifa dalili ni nyingine, mlio ni mzito, tok, unaousikia hata ukishika breki ghafla au ukitoka kwenye rivasi kwenda mbele, kwa sababu wishboni yote inasogea, na gari inaweza kuvuta upande mmoja ukifunga breki. Tairi nazo zinaanza kulika upande bila sababu unayoiona.

Mlio mwepesi wa kugongagonga kwenye vijishimo vidogo, hata ukiwa mwendo wa mguu, mara nyingi ni stabilaiza linki, kile kifimbo kifupi kinachoshika ile fito inayozuia gari kulalia upande kwenye kona, hiyo bei yake ni ndogo na haina kazi kubwa kuifunga. Na gari inayotetemeka usukani kwenye lami safi ukifika spidi 80 mpaka 100, hapo anza na balansi ya tairi, yaani kusawazisha uzito wake, kabla hujagusa bushi.

Boljointi, ile jointi ya mviringo inayounganisha wishboni na sehemu inayobeba tairi, usiichezee. Gari ikiwa juu ya stendi shika tairi juu na chini ulitikise, likicheza mwambie fundi aangalie boljointi na beringi siku hiyohiyo, boljointi ikichomoka tairi linalala ukiwa barabarani. Ukilishika kushoto na kulia likacheza, mara nyingi ni tairodi endi, ncha ya fimbo ya usukani inayogeuza tairi. Lakini kabla ya yote pima upepo, usome kile kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, maana watu wanajaza tairi mpaka linakuwa gumu kama jiwe halafu wanalalamika gari inatetemeka.

Halafu kuna barabara ambazo hata gari mpya itatetemeka. Waliopita njia ya vumbi kutoka lango la Naabi kwenda Seronera, Serengeti, wanaijua, vituta vidogo vidogo vimejipanga kama bati. Vikiwa vimeachana mita moja na wewe uko spidi 60, kila tairi linapigwa karibu mara 17 kwa sekunde moja, na raba zote za chini zinapokea kipigo hicho. Usiipimie gari yako hapo. Ipimie kwenye shimo moja moja, mwendo mdogo, kioo wazi, redio imezimwa, usikilize mlio unatoka upande gani.

Ukishajua ni bushi, kazi iliyobaki ni ufungaji. Ya zamani itolewe na mpya iingizwe kwa mashine ya presi, sio nyundo, nyundo inalipinda ganda na raba inaanza kuachana siku ya kwanza. Bushi kubwa nyingi zina matundu kwenye raba, na matundu hayo yana upande wake, kwa hiyo fundi aweke alama kwenye wishboni kabla hajaitoa ya zamani. Vipande vya tairi kuukuu vinavyosokomezwa kuziba nafasi usivikubali, ni raba isiyoshikana na kitu.

Na ile habari ya bolti niliyosema ushike. Fundi akikaza bolti za wishboni gari ikiwa juu na tairi zinaning'inia, raba inakazwa ikiwa imekaa vibaya, ukishusha gari inajinyonga na inabaki imejinyonga hivyo muda wote hata gari ikiwa imepaki, haikai, inachanika mapema. Kwenye IST yangu fundi alifunga nati nusu, akashusha gari chini, akaitikisa ikae kwenye uzito wake, ndo akaingia chini na spana kukaza mpaka mwisho, kisha tukaenda kupiga alaimenti, yaani kunyoosha tairi zikae sawa.